Kibali cha ujenzi: maliza mambo ya kiwanja kabla ya kumlipa mchoraji

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua kiwanja kitupu mjini, Tanzania Bara, na anataka kujenga nyumba ya kuishi. Kibali changu kimetoka hivi karibuni baada ya kuzungushwa sana, na nikipiga hesabu, fomu na vikao havikunila muda kama kiwanja chenyewe. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo ya kiwanja, na yale ya kujaza jina na namba ya simu nitayapita haraka.

Kwanza tuelewane nani anatoa kibali. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka mtu apate ridhaa ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango miji. Mamlaka hiyo kwako wewe ni halmashauri, iwe ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hatoi kibali cha ujenzi, na mtendaji wa mtaa naye hatoi. Barua yao inakutambulisha, basi. Nimeona watu wamesimama mbele ya ukuta wao uliochorwa X nyekundu na maneno SIMAMISHA UJENZI, LETA KIBALI, wanamwonyesha mkaguzi barua yenye mhuri wa mtaa, na mkaguzi hana la kufanya nayo. Saruji na nondo za msingi zimeshaingia ardhini.

Jina, kodi na matumizi

Halmashauri itakutaka uthibitishe kwamba kiwanja ni chako: hatimiliki au barua ya toleo, ile tunayoiita ofa. Kama ulinunua kwa mtu na hati bado ina jina lake, mkataba wa mauziano uliosainiwa kwa wakili unaweza usitoshe. Nenda ukafanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa ujue kama hati ni halali, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio la mahakama. Kisha anza uhamisho wa umiliki: Fomu Na. 29, Na. 30 na Na. 35, uthamini wa kiwanja, na kodi ya TRA inayomhusu muuzaji kwa faida aliyoipata. Hapo ndipo wauzaji wengi wanapoacha kupokea simu. Kama bado hujalipa bei yote, andikeni kwenye mkataba nani atalipia nini, na sehemu ya mwisho ya pesa uibakize mkononi mpaka uhamisho ukamilike. Muuzaji akishalipwa kila kitu hana sababu ya kuamka asubuhi kukufuata ofisini.

Halafu kodi ya pango la ardhi. Hii inawachanganya wengi tangu mwaka 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU. Muuzaji atakwambia, "Kodi nalipa, inakatwa kwenye umeme." Ile ni kodi ya jengo. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine, inadaiwa kila mwaka kwa kiwanja hata kama ni pori tupu, na inalipwa Wizara ya Ardhi kwa namba yake ya malipo. Kiwanja kilichokaa miaka bila kuendelezwa mara nyingi kina deni la miaka, na deni linafuata kiwanja. Omba taarifa ya deni kabla ya kununua, au angalau kabla ya kuomba kibali, maana risiti za kodi ya pango ni miongoni mwa viambatisho.

Angalia pia matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Kama ni makazi, utaomba nyumba ya kuishi. Ukitaka fremu za maduka mbele, usimwambie mchoraji azifiche kwa kuziita stoo. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi yana mchakato wake, yanaanzia halmashauri na kupanda juu, na majirani wanapewa nafasi ya kupinga. Ni marefu, lakini kuna watu waliobomolewa fremu zao kwa sababu ya neno moja kwenye hati.

Na masharti ya hati yasome yote. Hati nyingi za makazi mjini zinakutaka uwasilishe michoro ndani ya miezi 6, uanze kujenga ndani ya miezi 6 baada ya michoro kuidhinishwa, na ukamilishe ndani ya miezi 36. Wengi tunanunua kiwanja tukikifanya akiba, kumbe saa inahesabu.

Kama eneo lako halijapimwa kabisa, simama hapo. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri uulize kama kuna mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, maarufu kama mchoro wa TP, na kama zoezi la urasimishaji limefika mtaani kwenu. Pasipo mchoro wa TP huna cha kuambatisha, na usikubali mtu akupeleke mbele kwa ahadi.

Bikoni

Hapa ndipo pesa yangu ilipoondoka.

Bikoni ni lile jiwe la zege lenye chuma katikati na herufi na namba zake, linalozikwa kila kona ya kiwanja kilichopimwa. Kiwanja changu kiko kwenye kona ya njia mbili. Siku ya kuonyeshwa, bikoni tatu zilionekana. Ya nne, ile ya upande wa barabara, muuzaji alielekeza kwa mkono chini ya mti: "Ilikuwa hapa, greda lilipita." Majirani waliitikia. Mchoraji wa ramani alikuja na kamba yake, akapima kutoka kwenye zile tatu hadi kwenye mti, akachora nyumba nzuri iliyojaa vizuri ndani ya vipimo hivyo. Tukawasilisha.

Mpima wa halmashauri alipokuja kukagua alikuja na kile kifaa cha setilaiti chenye mlingoti. Alisimama chini ya mti, akatazama kifaa, akasogea ndani ya kiwanja, akatazama tena, akasogea tena, akachoma kijiti. "Kona yako ndiyo hii." Kutoka kwenye mti ilikuwa karibu mita mbili. Mita hizo mbili zilikuwa za barabara, na kwenye mchoro wetu zilikuwa ndizo nafasi kati ya nyumba na mpaka. Jalada likarudishwa na maelezo kwamba jengo limeingia kwenye eneo lisiloruhusiwa kujengwa. Ilibidi kumlipa mpima arudishie bikoni rasmi, kumlipa mchoraji achore upya maana kusogeza ukuta mmoja kulivuruga msingi na paa, kuchapisha seti zote upya, na kurudi mwisho wa foleni ya kikao kinachopitisha vibali.

Kwa hiyo fanya hivi kabla mchoraji hajashika kalamu. Tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, au omba mpima wa halmashauri kwa kulipia kihalali. Mpe nakala ya hati na ramani ya upimaji. Mwambie ahakiki bikoni zote nne, hata zile unazoziona kwa macho, kwa sababu bikoni inayoonekana inaweza kuwa imehamishwa. Waite majirani wa pande zote na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa siku hiyo, washuhudie. Usihamishe bikoni mwenyewe hata kama unaona wazi imekaa vibaya. Kuhamisha au kung'oa alama ya upimaji ni kosa la jinai. Mpima akimaliza, mwombe taarifa fupi ya maandishi yenye saini na mhuri wake. Karatasi hiyo inampa mchoraji vipimo vya kweli, na inakulinda siku jirani atakapoanza kujenga uzio.

Siku hiyohiyo mpima akiwa bado saiti, muulize kuhusu hifadhi, yaani maeneo yasiyoruhusiwa kujengwa. Barabara kuu na za mikoa zina hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande, na watu wengi bado wanapima kwa hesabu ya zamani. Ukiwa karibu na mto, ziwa au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakuweka mita 60 kutoka kingo. Angalia pia nyaya kubwa za umeme zinazopita juu na bomba kuu la maji linalopita chini. Kiwanja kikiwa na hati safi lakini nusu yake iko ndani ya hifadhi, utajenga kwenye nusu iliyobaki, na ni afadhali ujue hivyo mapema.

Ramani ya nyumba

Ramani za vyumba vitatu zinazouzwa mitandaoni kwa bei ya soda zinavutia, na hazina ubaya kama picha ya kukusaidia kujua unachotaka. Kwa kibali hazifai zilivyo. Kuna kitu kimoja zinachokosa zote: hazijui kiwanja chako. Halmashauri haiidhinishi nyumba hewani, inaidhinisha nyumba hii kwenye kiwanja hiki.

Kabla ya kuchora, mchoraji wako aende au akupe maswali uende nayo kwa afisa mipango miji: nyumba ikae umbali gani kutoka mpaka wa mbele, wa nyuma na wa pembeni, ni sehemu gani ya kiwanja inaruhusiwa kufunikwa na jengo, urefu wa jengo unaishia wapi, maegesho mangapi yanatakiwa. Majibu yanatofautiana kulingana na ujazo wa eneo, yaani nyumba zinavyobanana, kwamba ni ujazo mkubwa, wa kati au mdogo, na kwa kiwanja cha kona kama changu kuna barabara mbili za kuheshimu. Andika majibu kwenye karatasi na jina la aliyekujibu na tarehe. Mimi sasa naandika kila ninachoambiwa ofisini, kwa sababu anayekujibu leo siye atakayekagua jalada mwezi ujao.

Seti ya michoro iwe na plani ya sakafu, mkato (nyumba ikionekana kama imekatwa wima), mwonekano wa pande zote, plani ya msingi, plani ya paa, na mchoro wa kiwanja unaoonyesha jengo lilivyokaa ndani ya mipaka pamoja na vipimo hadi kila mpaka. Juu yake paonekane namba ya kiwanja na kitalu, jina la mmiliki kama lilivyo kwenye hati, matumizi ya jengo, ukubwa wake, na jina na sifa za aliyechora. Jina lililoandikwa Mohamedi kwenye hati na Mohamed kwenye mchoro linatosha kurudisha jalada. Linganisha na NIDA, hati na risiti, herufi kwa herufi.

Mfumo wa maji taka unasahaulika sana. Afisa afya ataangalia karo na shimo la kunyonya vimewekwa wapi, gari la kunyonya litafikaje, na kisima cha jirani kiko umbali gani. Mchoraji wangu alikuwa ameweka karo pembeni kabisa nyuma, mahali ambapo gari lisingefika baada ya uzio kujengwa. Tulilihamishia mbele karibu na geti, na kwa hilo namshukuru yule afisa afya kwa dhati. Lingekuwa tatizo la kila siku kwa familia yangu.

Kuhusu mhuri: mbunifu majengo awe amesajiliwa na bodi yake, AQRB, na kwa ghorofa unahitaji pia mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB, aandae michoro ya nondo na nguzo. Usajili unalipiwa kila mwaka, kwa hiyo thibitisha kwamba wa mwaka huu upo, maana mhuri wa mtu ambaye usajili wake umekwisha haupiti. Utaratibu uliozoeleka ni seti tatu za michoro ya jengo, na kwa ghorofa ongeza seti mbili za michoro ya mhandisi. Ghorofa inapita pia Zimamoto na Uokoaji kwa ajili ya njia za kutokea na vifaa vya kuzimia moto. Nyumba ya familia ya kawaida haikupeleki NEMC, baraza la mazingira. Kituo cha mafuta au hoteli vinakupeleka.

Kuna watu wanaona michoro ya mhandisi ni gharama ya bure. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Nikikumbuka hilo, sioni shida kumlipa mhandisi, na sioni shida mkaguzi akiniuliza swali mara mbili.

Kuwasilisha na kufuatilia

Halmashauri zimehamia kwenye mfumo wa TAUSI, unaosimamiwa na TAMISEMI. Unafungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, unachagua halmashauri, unajaza taarifa za kiwanja na jengo, unapakia viambatisho. Mtandao ukiwa mzito mchana, jaribu usiku. Michoro uliyopewa na mchoraji kwa picha za simu haitasomeka. Mwambie akutumie faili halisi la PDF kwa kila mchoro. Hata ukishapakia, uliza kama idara inataka pia nakala za karatasi, na kama wanataka, peleka mwenyewe, gongesha mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako na uitunze.

Malipo yote yanafanyika kwa namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12, ile kontroo namba, benki au kwa simu. Ada zinategemea aina na ukubwa wa jengo, uliza makadirio mapema. Ukiambiwa "tuma kwenye namba hii ya simu ya afisa", usitume. Vishoka wanakaa nje ya ofisi nyingi za ardhi, wamevaa vizuri, wanajua majina ya maafisa wote, na wengine wana fomu halisi mkononi. Jirani yangu alikabidhiwa kibali chenye mhuri na saini, kikakutwa hakipo kwenye daftari la halmashauri. Alianza upya wakati msingi umeshakaa. Mtu wa kukusaidia kutembeza jalada siyo kosa, lakini kila shilingi ipite kwenye namba ya malipo yenye jina lako, na risiti ibaki kwako.

Baada ya malipo, jalada linapita kwa watu: mipango miji, upimaji, afya, mhandisi, na wengine kulingana na jengo. Wanakuja saiti. Siku hiyo uwepo mwenyewe au mtu anayekijua kiwanja, nyasi ziwe zimefyekwa, bikoni zionekane. Kwangu ukaguzi wa mara ya pili ulikuwa mfupi sana kwa sababu mpima aliziona bikoni zote nne akiwa bado barabarani. Kisha linaingia kwenye kikao. Uliza kikao kinakaa lini, na hakikisha majibu ya hoja zote yamefika kabla, kwa sababu jalada lenye hoja moja isiyojibiwa linasubiri kikao kinachofuata.

Ukiandikiwa hoja, ipate kwa maandishi. Maelezo ya mdomo kama "rekebisheni mchoro" yanamfanya mchoraji abahatishe. Omba kwa adabu: "Afisa wa mipango miji ameandika nini hasa, naomba nipige picha ukurasa." Mhudumu aliyenisaidia zaidi katika safari nzima alikuwa dada wa masijala. Yeye ndiye aliyeniambia jalada langu limekwama meza gani, na kwa nini. Nendeni kwao kwa heshima na namba ya jalada mkononi, kazi yao ni ngumu na majalada ni mengi.

Kibali kikishatoka

Usianze siku hiyohiyo kabla hujasoma masharti yaliyoandikwa nyuma au kwenye barua. Kibali kina muda wake. Usipoanza ndani ya muda huo utarudi kuomba upya. Nakala ya kibali na seti moja ya michoro yenye mhuri wa halmashauri vikae saiti, vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni visilowe, fundi awe anajenga kwa mchoro huo na si kwa ule wa kwanza uliokataliwa. Ile ya zamani ichane kabisa. Mafundi wangu walikuwa bado wanayo kwenye simu. Kwa ghorofa, mkandarasi awe amesajiliwa na bodi ya wakandarasi, CRB, na bango la mradi lisimame mbele.

Mjulishe mkaguzi wa halmashauri kwa hatua: mitaro ya msingi ikishachimbwa na nondo zikishasukwa kabla ya kumwaga zege, kwenye linta, na kabla ya kupaua. Kagua mwenyewe umbali kutoka kwenye bikoni hadi kwenye mtaro wa kwanza, kwa kamba, fundi akiwepo. Mtaro ukikosewa hapo bado ni udongo, unafukiwa.

Ukitaka kubadilisha chochote kikubwa katikati, kama kuongeza chumba, kupandisha ghorofa au kuweka fremu, rudi na mchoro wa marekebisho kwanza. Uzio nao una kibali chake kwenye halmashauri nyingi, usiuchukulie kuwa umo ndani ya kibali cha nyumba. Nyumba ikiisha, omba ukaguzi wa mwisho na cheti cha kuruhusu jengo litumike kabla ya kuhamia, na utunze pamoja na hati, risiti za kodi ya pango na ile taarifa ya mpima kuhusu bikoni.